Sheria Nje ya Mipaka ya Dola: Wasomaji Wanauliza

Barua za toleo hili karibu zote zimegusa jambo moja: sheria ambayo hakuna bunge la nchi lililoitunga peke yake, lakini serikali, kampuni na watu binafsi wanaambiwa waitii. Tumezifupisha barua, hoja tumeziacha kama zilivyokuja.

Mhadhiri wetu wa falsafa ya sheria anashikilia kwamba sheria ya kimataifa si sheria, kwa kuwa dunia haina polisi wala bunge. Nikimbishia ananiuliza, "Nani atamkamata mwenye nguvu?" Nimjibu nini? (Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili)

Hoja ya mhadhiri wako ina umri mrefu. Mwaka 1832 John Austin, Mwingereza, aliandika kwamba sheria ni amri ya mtawala mkuu, yaani yule ambaye umma umezoea kumtii na yeye hana mazoea ya kumtii mwingine, na nyuma ya amri hiyo kuna adhabu. Kwa kipimo hicho sheria ya kimataifa inaanguka, na Austin mwenyewe aliipeleka kwenye fungu la maadili. Ila kabla hujakipokea kipimo, kijaribu ndani ya nchi. Katiba inamfunga mtawala; akiivunja, nani humwadhibu? Austin alikubali bila kupepesa macho kwamba sehemu kubwa ya sheria ya katiba nayo inaingia fungu hilohilo la maadili. Kipimo kinachoitupa katiba nje kina kasoro.

H.L.A. Hart, mwanafalsafa mwingine wa sheria, alikitengeneza upya mwaka 1961. Kwake kanuni ziko ngazi mbili. Za kwanza zinaamuru na kukataza: usiue, lipa deni. Za pili zinazihusu zile za kwanza, nazo ni aina tatu: kanuni ya kutambua lipi ni sheria, kanuni za kuibadili sheria, na kanuni za kuamua migogoro. Ngazi hizi mbili zikikutana tunapata mfumo wa sheria. Alipofika kwenye sheria ya kimataifa, katika sura ya mwisho ya kitabu chake, alisema ni seti ya kanuni ambayo haijawa mfumo. Hakusema si sheria, ingawa wanaomnukuu kwa haraka humsingizia hivyo.

Tangu hapo ngazi ya pili imejengwa sana. Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba, wa mwaka 1969, ulioanza kutumika Januari 1980, unaeleza jinsi mkataba unavyozaliwa, unavyofasiriwa, unavyorekebishwa na unavyokufa. Ibara ya 38 ya sheria iliyoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, inataja vyanzo: mikataba, desturi, kanuni za jumla za sheria na, kama msaada tu, hukumu na maandishi ya wataalamu. Panapovuja ni kwenye kuamua migogoro. Mahakama hiyo ya majaji 15 haiwezi kuisikiliza kesi dhidi ya nchi isiyokubali. Kati ya wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa, waliokubali mamlaka yake mapema kwa ibara ya 36(2) ni zaidi kidogo ya 70, na wengi wao wameambatanisha masharti.

Sasa polisi. Mwaka 1986 mahakama hiyo iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria dhidi ya Nicaragua. Hukumu isipotekelezwa, ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inamruhusu mshindi kwenda Baraza la Usalama. Nicaragua ilikwenda, na Oktoba mwaka huohuo Marekani ikapiga kura ya turufu. Mhadhiri wako atafurahia mfano huu. Lakini utazame unathibitisha nini: kwamba utekelezaji ni dhaifu mbele ya wakubwa watano wenye kura hiyo. Haukuthibitisha kwamba hakukuwa na sheria ya kuvunjwa.

Tena adhabu si lazima iwe ya pingu. Oona Hathaway na Scott Shapiro walieleza mwaka 2011 kwamba sheria hii hutumia zaidi kutengwa: anayekiuka ananyimwa manufaa ya kuwa ndani. Katika Shirika la Biashara Duniani, nchi iliyoshinda kesi inaweza kuruhusiwa kumwondolea mshindwa nafuu za kibiashara kwa kiwango kilichopimwa. Mwaka 2007 wasuluhishi waliipimia Antigua na Barbuda kiwango cha dola za Kimarekani milioni 21 kwa mwaka, na mwaka 2013 ikaruhusiwa kuinyima Marekani haki za hakimiliki na hataza zenye thamani hiyo. Ni haki halali kabisa, na kwa kisiwa kidogo haikuwa na meno ya kuogopwa. Na shirika hilohilo limeumwa mahali ambapo wapenda polisi hawaangalii: Baraza lake la Rufaa lina viti saba na kila rufaa husikilizwa na wajumbe watatu, lakini tangu Desemba 2019 hawatoshi kwa sababu uteuzi umezuiwa. Anayeshindwa kwenye ngazi ya kwanza hukata rufaa kwenye chombo kisichoweza kukaa, na shauri linaning'inia. Kilichokosekana hapo ni benchi. Askari angekuwepo asingekuwa na hukumu ya kutekeleza.

Kwa hiyo mjibu mhadhiri kwamba ameuliza maswali mawili kwa pumzi moja. "Je, hii ni kanuni ya sheria?" hujibiwa kwa kuangalia vyanzo. "Je, inatekelezwa?" hujibiwa kwa kuangalia vyombo. Sisi tunaongeza la tatu, ambalo katika safu hii ndilo tutakalolirudia: *ni chombo gani kinachotakiwa kuitambua, na kwa kanuni ipi ya chombo hicho?* Bila hilo la tatu mjadala huu hauna mwisho.

Nimepewa kazi ya kuandika maoni ya kisheria kama jambo fulani limekuwa desturi ya kimataifa. Sijui nianzie wapi, na kila ninaposoma naona duara: nchi hufanya kwa kuamini ni sheria, na huwa sheria kwa kuwa zinaamini hivyo. (Mtumishi wa serikali)

Anza na kazi, duara litasubiri.

Unahitaji vitu viwili, na kila kimoja kiwe na ushahidi wake: mwenendo wa nchi, na imani kwamba mwenendo huo unadaiwa na sheria. Kwa mwenendo, kusanya matendo ya mihimili yote mitatu: barua za kidiplomasia, sheria zilizotungwa, amri za kijeshi, hukumu za mahakama za ndani. Usitafute nchi zote. Tafuta mwenendo ulioenea na unaofanana, na hakikisha nchi zinazoguswa zaidi na jambo lenyewe zimo. Kama ni suala la bahari, mwenendo wa nchi zisizo na pwani haukubebi mbali. Muda si kikwazo. Katika kesi za rafu ya bara (sakafu ya bahari inayoendelea kutoka pwani) ya Bahari ya Kaskazini, mwaka 1969, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema muda mfupi unaweza kutosha iwapo mwenendo umeenea na unakaribia kufanana kabisa. Lakini ilikataa dai la Denmark na Uholanzi kwa sababu nchi zilizogawana sakafu hiyo kwa mstari wa umbali sawa hazikuonyesha kwamba zilijiona zimebanwa na sheria kufanya hivyo.

Hapo ndipo maoni mengi ya kisheria huanguka. Mwandishi hukusanya kurasa arobaini za mwenendo, kisha imani ya kisheria anaidhania tu. Itafute peke yake: nchi ilisema nini ilipotenda? Ilipolalamikia nyingine, ilitumia lugha ya haki na wajibu au ya adabu na ujirani? Kosa la pili ni kuchukua azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kama desturi iliyokamilika. Azimio ni ushahidi. Soma nani alipiga kura vipi na alieleza kura yake kwa maneno gani. La tatu ni kuhesabu kila ukiukaji kama shimo kwenye kanuni. Hukumu ya Nicaragua ya 1986 ilifundisha kinyume: nchi inayotenda kinyume halafu ikajitetea kwa kudai imo ndani ya msamaha wa kanuni, inaiimarisha kanuni yenyewe. Hatimaye angalia kama nchi yako ilipinga tangu kanuni inachipuka, waziwazi na bila kuyumba, kama Norway ilivyofanya kuhusu kipimo cha ghuba katika kesi ya uvuvi ya 1951. Upinzani unaoanza baada ya kanuni kukomaa haukuokoi. Tume ya Sheria ya Kimataifa ilitoa mwaka 2018 mahitimisho 16 kuhusu kazi hii hasa. Yaweke mezani kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Duara sasa. Jibu linalotushawishi zaidi ni la John Finnis, wa mwaka 1980. Yeye haanzi na imani kwamba "hii tayari ni sheria". Anaanza na hukumu mbili nyepesi zaidi: kwamba ingefaa kuwe na kanuni ya pamoja katika jambo hili, na kwamba mtindo huu unaoenea unafaa kuwa kanuni hiyo. Nchi zikishatenda kwa hukumu hizo mbili na zikaona wengine nao wanatenda hivyo, imani ya kwamba ni sheria inakuja mwishoni, bila kujitangulia. Si kila mtu anakubali. Ila ni bora kuliko kusema, kama wengine, kwamba desturi zote zilianza kwa kosa la mtu aliyedhani kuna sheria isiyokuwepo.

Nchi yetu imeridhia mkataba wa haki, hakimu kakataa kuutumia. Mkataba unafunga au haufungi? (Mwanaharakati)

Unafunga nchi. Kama unamfunga hakimu ni swali jingine, na linajibiwa na katiba yenu.

Fuata mpangilio huu. Kwanza hakikisha mkataba umeanza kutumika na nchi yenu ni mwanachama kamili: kutia saini si kuridhia, na aliyetia saini tu ana wajibu mwembamba wa kutoharibu lengo la mkataba. Soma kama kulikuwa na kipengele kilichowekewa pingamizi wakati wa kuridhia. Huenda ndicho hichohicho unachokitegemea. Kisha fungua katiba. Kuna nchi ambazo mkataba huingia moja kwa moja. Ibara za 93 na 94 za katiba ya Uholanzi zinaipa mikataba inayowafunga watu wote nguvu ya kushinda sheria za bunge. Uingereza ni kinyume: mkataba bila sheria ya bunge haumpi mtu haki mahakamani. Ukivuka hapo, uliza kama kifungu chenyewe kimeandikwa kwa namna ambayo hakimu anaweza kukitumia bila kusubiri bunge. Kama kinasema "nchi zitachukua hatua zinazofaa", una kazi ngumu. Njia yote ikifungwa, bado kuna mlango wa ufasiri: mahakama nyingi hukubali kwamba sheria ya ndani yenye utata isomwe kwa maana isiyogongana na wajibu wa kimataifa. Wakili mzoefu huomba hili pamoja na lile la kwanza, si badala yake.

Mfano mchungu ni Medellín dhidi ya Texas. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani iliwanyima raia 51 wa Mexico haki ya kuarifiwa kuhusu msaada wa ubalozi wao, na ikataka hukumu zao zipitiwe upya. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiri kwamba uamuzi huo unaifunga Marekani kimataifa, lakini ikasema hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge la Marekani litunge sheria. Medellín, mmoja wa hao 51, aliuawa kwa sindano ya sumu Agosti mwaka huo. Kwa sheria ya Texas, adhabu ilikuwa halali. Kwa sheria ya kimataifa, ulikuwa uvunjaji, na ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna hairuhusu nchi kujifichia nyuma ya sheria zake za ndani. Kauli zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Anayetaka kauli moja tu lazima aseme anaongea akiwa ndani ya mfumo upi.

Kama mahakama ya Umoja wa Ulaya inasema iko juu, na mahakama ya katiba ya Ujerumani inasema hapana, nani yuko juu? Lazima mmoja awe anakosea. (Msomaji wa siku nyingi)

Hans Kelsen, mwanafalsafa wa sheria, angekuunga mkono. Kwake sheria zote halali lazima zipatikane kwenye mnyororo mmoja unaoishia kwenye kanuni ya msingi. Mifumo miwili inayopingana na yote kuwa halali ni jambo lisilofikirika. Kwa hiyo ama sheria ya kimataifa iko juu na dola zinapata mamlaka kwake, ama kila dola iko juu na sheria ya kimataifa ni tawi lake. Yeye alipendelea la kwanza, lakini alikiri kwamba uchaguzi huo si wa kisayansi, ni wa mtazamo wa kisiasa.

Historia ya Ulaya haikumsikiliza. Mwaka 1963, katika kesi ya Van Gend en Loos, mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, ambayo leo ni ya Umoja wa Ulaya, ilisema mikataba ya jumuiya hiyo imeunda mfumo mpya wa sheria unaowapa raia haki moja kwa moja. Mwaka uliofuata, Costa dhidi ya ENEL, ikaongeza kwamba sheria hiyo hushinda sheria ya nchi. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilijibu mwaka 1974: mradi jumuiya haina ulinzi wa haki za msingi unaolingana na wetu, tutaendelea kuikagua. Mwaka 1986 ikageuza sentensi: mradi ulinzi huo upo, hatutakagua. Ukiisoma vizuri utaona haikusalimu amri hata mara moja. Ilisema haitatumia ufunguo wake, lakini ufunguo ilibaki nao mfukoni.

Tarehe 5 Mei 2020 iliutoa. Katika kesi ya ununuzi wa hati fungani wa Benki Kuu ya Ulaya, ilisema hukumu ya mahakama ya Ulaya ya Desemba 2018 ilivuka mamlaka na haifungi Ujerumani, ikatoa miezi mitatu ionyeshwe kwamba hatua zile zilikuwa na uwiano na lengo lake. Hapa wanafunzi wengi hutarajia mlipuko. Kilichotokea: nyaraka zilipelekwa kwenye bunge la Ujerumani, bunge likaridhika, Benki Kuu ya Ujerumani ikaendelea na ununuzi. Kamisheni ya Ulaya ilifungua shauri dhidi ya Ujerumani Juni 2021 na kulifunga Desemba mwaka huohuo baada ya kupata ahadi za maandishi. Hakuna aliyekubali kwamba mwenzake yuko juu.

Na kabla hujaihurumia mahakama ya Ulaya, kumbuka nayo ilifanya yaleyale kwa aliye juu yake. Mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Yassin Kadi, aliwekwa mwaka 2001 kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wanaotuhumiwa kufadhili ugaidi na mali zake zikazuiwa, bila kuelezwa ushahidi wala kusikilizwa. Ibara ya 103 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema wajibu chini ya mkataba huo hushinda wajibu wa mikataba mingine. Septemba 2008 mahakama ya Ulaya ilisema: huenda ni hivyo kule, lakini kanuni ya Ulaya inayotekeleza orodha ni tendo la Ulaya, na tendo la Ulaya lazima liheshimu haki za msingi. Ikaifuta kwake, ikiacha nafasi ya miezi mitatu kurekebisha. Desemba 2009 Baraza la Usalama, ambalo kwa nadharia halikuwa na sababu ya kujali mahakama ya kikanda, liliunda ofisi ya kupokea malalamiko ya walioorodheshwa. Shinikizo la kesi kama hii halikosekani katika uamuzi huo.

Kwa hiyo kwa swali lako, "nani yuko juu", jibu la mwanzo la Neil MacCormick, la miaka ya 1990, ndilo tunalolisimamia: kila mfumo una jibu lake lililo sahihi ndani yake, na hakuna mahali pa tatu pa kusimama na kuyapima yote mawili kisheria. MacCormick mwenyewe alisita baadaye, katika kitabu chake cha 1999, akataka sheria ya kimataifa iwe mwamvuli wa wote. Kwa maoni yetu alirudi nyumbani kwa Kelsen bila sababu ya kutosha. Nico Krisch, mwaka 2010, alikwenda mbele zaidi: kutokuwa na mkubwa mmoja ni faida, kwa kuwa kila upande unalazimika kujieleza. Mfano wa Kadi unampa nguvu. Unaompinga ni wa kusini mwa Afrika. Baraza la Mahakama la SADC, Windhoek, liliamua Novemba 2008 dhidi ya Zimbabwe kuhusu unyang'anyi wa mashamba. Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilikataa kuisajili hukumu hiyo; Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, mwaka 2013, ilikubali amri ya gharama itekelezwe dhidi ya mali ya Zimbabwe iliyoko huko. Hukumu moja, milango miwili, majibu mawili. Lakini wakati huo wakuu wa nchi walikuwa wameshalisimamisha baraza lenyewe tangu 2010. Wingi wa mifumo huleta mazungumzo pale tu ambapo hakuna mhusika anayeweza kumzima mwenzake.

Si ingekuwa rahisi kuwa na serikali moja ya dunia? (Msomaji)

Kant, mwaka 1795, aliikataa kwa sababu mbili: sheria hupoteza nguvu kadiri utawala unavyopanuka, na udhalimu usio na roho, ukishazima mbegu za wema, huishia kwenye machafuko. Alitaka shirikisho la dola huru. Sababu ya pili haijapata jibu zuri hadi leo.

Ili kushindana, mwanamichezo hutia saini fomu inayopeleka migogoro yote kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Mwandishi mmoja ameiita "sheria isiyo na dola". Ni kweli? Na je, hiyo saini ni hiari? (Kocha)

Anayesema hivyo anafuata njia ya Gunther Teubner, ambaye mwaka 1997 alidai kwamba sekta za dunia, hasa biashara, hujitungia sheria bila dola. Yeye alimchukua Eugen Ehrlich, aliyeandika mwaka 1913 kwamba sheria inayoishi iko katika miungano ya watu, si katika magazeti ya serikali. Michezo inaonekana kuthibitisha: kanuni zake, makosa yake, adhabu yake ya kufungiwa, na mahakama yake iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Lausanne.

Chungulia chini ya sakafu, utakuta dola. Uamuzi wa mahakama hiyo ni tuzo ya usuluhishi ya Uswisi. Anayeupinga huenda Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi ndani ya siku 30, kwa sababu chache tu: jopo liliundwa vibaya, halikuwa na mamlaka, liliamua yasiyoombwa au liliacha yaliyoombwa, upande mmoja haukusikilizwa au haukutendewa sawa, au matokeo yanapingana na misingi mikuu ya utaratibu wa umma. Kosa la kawaida la kufasiri sheria au ushahidi halimo. Nje ya Uswisi, tuzo hutambuliwa kwa Mkataba wa New York wa 1958, wenye nchi wanachama zaidi ya 170. Dola zinaikopesha michezo nguvu zao.

Kuhusu hiari, umegusa penyewe. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Mutu na Pechstein, ilitofautisha: mchezaji wa soka aliyekuwa na njia nyingine alikubali kwa hiari, lakini mteleza barafu, Pechstein, ambaye asingetia saini asingeshindana kabisa, kwake usuluhishi ulikuwa wa lazima. Na ukiwa wa lazima, hauwezi kuhalalishwa kwa kusema "alikubali". Lazima uwe na dhamana za mahakama halisi. Pechstein alinyimwa usikilizaji wa hadhara, na hapo Uswisi ilikutwa na kosa. Julai 2025 Baraza Kuu la mahakama hiyo lilirudi palepale katika kesi ya mkimbiaji Caster Semenya: mahakama ya Uswisi haikuipitia tuzo kwa umakini uliotakiwa, kwa kuwa mwanamichezo hakuwa na mlango mwingine. Kwa kocha, la kufanyia kazi ni hili: muda wa kukata rufaa Lausanne ni siku 21 tangu kupokea uamuzi, kama kanuni za shirikisho lenu hazikuweka muda mwingine. Soma kanuni hizo siku uamuzi unapofika. Wengi hupoteza haki kwa kuandikia shirikisho barua za kuomba huruma mpaka siku zinaisha.

Nani aliwachagua hawa wanaotutungia viwango vya benki, chakula na usafiri wa anga? (Mfanyabiashara)

Hakuna aliyewachagua moja kwa moja, na mnyororo wa uwakilishi kupitia serikali yako ni mrefu kiasi kwamba hauwezi kubeba mzigo wote. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 Benedict Kingsbury, Krisch na Richard Stewart wamesukuma wazo la sheria ya utawala ya dunia: kama hatuna kura, tudai basi vile tunavyodai kwa ofisi yoyote inayotuamulia. Itangaze pendekezo mapema, isikilize walioguswa, itoe sababu za maandishi, na uamuzi wake upitiwe na mwingine. Allen Buchanan na Robert Keohane, mwaka 2006, waliongeza kipimo cha matokeo: taasisi isivunje haki za msingi, na iwe inaleta manufaa ambayo mpangilio mwingine uliopo hauleti. Ni kipimo cha chini kwa makusudi.

Udhaifu wake ni kwamba mwenye wakili na lugha ndiye anayesikilizwa kwenye "mashauriano ya umma". Usisubiri nakala ya mwisho. Rasimu ndiyo inayobadilika. Kiwango kikishapitishwa, mlango wako uliobaki ni mahakama ya nchi inayokitekeleza.

Nimepata barua pepe kwamba kampuni ya nchi nyingine inadai jina langu la tovuti, la .com. Sijawahi kusaini mkataba nao. Wana haki gani, na nifanye nini? (Mwenye duka la mtandaoni)

Kwanza thibitisha barua ni ya kweli kwa kuwasiliana na msajili wako, kwani utapeli wa namna hii upo. Kama ni ya kweli, mkataba uliusaini: masharti ya msajili uliyoyakubali ulipolinunua jina yanabeba utaratibu wa usuluhishi uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu, yote: jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya, wewe huna haki wala maslahi halali kwalo, na ulilisajili *na* unalitumia kwa nia mbaya. Akikosa moja, anashindwa.

Una siku 20 za kujibu tangu shauri kuanza, na ukiomba mapema unaongezewa nne. Usinyamaze. Ukimya haumpi mlalamikaji ushindi wenyewe, lakini jopo hubaki na karatasi za upande mmoja. Weka ushahidi wenye tarehe: ankara, picha za kurasa za zamani za tovuti, usajili wa biashara yako, mauzo halisi. Kama ulilisajili jina kabla alama yake haijawepo, liseme kwanza. Usimwandikie kumuuzia kwa bei ya kuruka. Barua hiyo ndiyo itakayokuwa kielelezo chake cha nia mbaya.

Msuluhishi huwa mmoja au watatu, na uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 14 tangu wateuliwe. Wanaweza kufuta jina au kulihamisha, fidia hawatoi. Ukishindwa, msajili husubiri siku 10 za kazi kabla ya kulihamisha. Ukifungua kesi katika mahakama ambayo mlalamikaji aliikubali ndani ya malalamiko yake, kwa kawaida ile ya makao ya msajili au ya anwani yako iliyoandikwa kwenye usajili, na nakala yenye muhuri wa mahakama ikamfikia msajili ndani ya siku hizo, jina haliondoki mpaka kesi iishe. Itafute mahakama hiyo kwenye karatasi za mlalamikaji leo, kabla hujaanza kuandika utetezi.